Waya Wenye Rangi ya Buluu

Saa tatu asubuhi boti ya zahanati ilirudi gatini kwa kasia moja. Mashine ilikuwa imekwama katikati ya maji, na mgonjwa aliyekuwa akikimbizwa hospitali ya ng'ambo alikuwa amekata roho. Aliyepiga kasia ni mumewe, mwashi. Viganja vyake vilitoka damu. Hakulia. Alimkaba dereva.

"Umeniulia mke! Umesahau oili!"

Inspekta aliyekuwa zamu gatini, mama mnene wa sauti ya chini, aliwaachanisha. "Baba, mwache kwanza. Ukimnyonga nitamhoji nani?"

Mkuu wa zahanati naye alishafika, shati limenyooka pasi. "Afande, mfunge huyo. Boti ni ya mtumba, sawa, lakini niliiweka vizuri. Hata hii rangi ya buluu nimeipaka kwa mkono wangu. Nilimkabidhi kitu kama kipya!"

Mwili uliposhushwa, fundi wa boti alifunua mashine. Akachomoa kijiti cha oili: imefika alamani. Akajaribu kuizungusha mashine kwa mkono: haikutikisika. Akafungua pampu ya maji, na mpira wake ukamchanikia vidoleni kama mkate mkavu.

"Huu umekatika njiani," alisema. "Maji ya kupoza hayakupanda, mashine ikachemka, pistoni zikang'ang'ania."

Inspekta alimgeukia dereva. "Ikichemka si hupiga honi ya kuonya?"

"Hupiga, mama. Leo haikulia hata kidogo. Ingelia ningezima ipoe, tungefika taratibu."

Mwashi alilegeza ngumi. Inspekta alifuata waya wa honi kwa kidole mpaka ukaishia hewani. Ulikuwa umekatwa.

"Si huyo huyo!" alidakia mkuu. "Kelele zilimkera, akakata. Wavivu hawa nawajua."

"Dereva, ulianza kazi lini?"

"Juzi, mama. Nimeikuta boti imepakwa rangi, imekauka."

Inspekta aliinua ncha ya waya juani. "Mkuu, sogea. Shaba ya ndani ina rangi gani?"

Mkuu alitazama, akarudi nyuma hatua moja.

"Buluu. Waya ulikatwa kwanza, ukapakwa rangi baadaye. Na mpakaji umejitaja mwenyewe."

Shati lililonyooka lilianza kulowa. "Ilikuwa ikilia kila tukiwasha! Wakubwa wanakuja kuizindua, ningewaambia nini?"

"Nilikwambia tuifungue," alisema fundi. "Ukaniambia nakuchelewesha."

"Nilijua... nilidhani ni honi tu mbovu."

Mwashi alicheka, kicheko kibaya. Wakubwa hawapandi boti wakiumwa. Wao huja kukata utepe, wakapigwa picha, wakaondoka.

Inspekta alimtia mkuu pingu. Kituo cha polisi kilikuwa ng'ambo, jirani na hospitali.

"Iitwe boti ya polisi," mkuu aliomba.

"Ya nini?" mwashi aliokota kasia lenye damu yake. "Hii si nzuri? Si umeipaka mwenyewe? Kaa pale alipolala mke wangu."

Inspekta alikaza pingu. Kisha akapanda, akaketi katikati yao. "Hakuna atakayemgusa mwenzake," alisema. "Twende."

Mwashi alizamisha kasia. Akalivuta. Akapumzika. Akalizamisha tena. Gati lilikuwa bado karibu na jua limeshakuwa kali.

"Fanya haraka basi, ndugu yangu," mkuu alisihi.

"Na yeye aliniambia hivyo hivyo, hapo ulipokaa," alisema mwashi, na akapumzika tena.