Mdomo wa Nsimire Ukutani

Jumamosi ile duka la Waafrika pale Merrylands, huko ughaibuni, lilijaa pomoni. Nsimire, ndani ya kitenge cha manjano kilichomkaa kiunoni, aliingiza mkono kwenye friza kuchukua pakiti ya mwisho ya sombe, majani ya muhogo, akakuta mkono mwingine umeshaishika.

"Chukua wewe, dada," kijana mmoja, Égide, akacheka. "Mama atanichapa, lakini nitapona."

"Akikuchapa nipigie simu, nije kulia."

Akapiga kweli, jioni ileile. Ikawa kuitana mpenzi: sheri asubuhi, sheri jioni, mpaka uchumba ukatajwa.

Mama yake Égide, Emérance, alikuwa kiziwi tangu kambi ya wakimbizi. Maneno aliyasoma midomoni mwa watu. Nsimire alipompikia samaki, alionja kidogo tu, akasukuma sahani. Nsimire akameza hasira.

Wiki hiyo mwanafunzi mmoja wa filamu alimwomba aigize mke anayegombana na mumewe, katika filamu isiyo na sauti, kama za zamani. "Sema lolote," alimwambia. "Hakuna atakayesikia." Basi Nsimire akaitoa ile hasira, kwa Kiswahili chake: "Mungu amchukue mama yako, na sisi tupumue!"

Alidhani filamu ni ya Wazungu wa mjini. Kumbe mwanafunzi, kwa shukrani, akaileta kanisani kwao, walikosali pia Égide na mama yake. Mdomo wa Nsimire ukawa mkubwa ukutani kama mlango. Watu wakapiga makofi. Emérance akainuka, akatoka.

Kesho yake simu ikalia.

"Mama amenirudilia maneno yako. Alisoma vizuri?"

"Alisoma vizuri, sheri."

"Na mimi nilikuwa ninakupigia makofi, Nsimire!" Égide akakata simu.

Mwanafunzi naye akapiga: ana filamu nyingine. "Mimi nimemaliza kuigiza," Nsimire akamjibu.

Akapanda treni mpaka Mount Druitt, nyumbani kwa kina Égide, aibu ikimwasha usoni kama pilipili. Akapiga magoti mbele ya Emérance, kichwa chini, kama alivyolelewa.

"Nimekosa, mama. Nili…"

"Inua uso. Ukiinama sikusikii."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Akainua. Machozi yakamtiririkia mdomoni, akayafuta ili maneno yaonekane. "Nilikutakia kufa, mama. Kwa sababu ya samaki tu. Nisamehe."

"Polepole. Rudia."

Akarudia. Égide alikuwa amesimama mlangoni, hakumwokoa.

Emérance akamtazama, akamtazama tena. "Humu ndani, wakinichoka wananipa mgongo ndiyo wanasema," akasema. "Wewe umenitazama. Égide! Bibi yako huyu anaumia magoti, na wewe umesimama tu? Mletee kiti."

Nsimire akakaa. Uso bado ulimwaka, lakini hakuufunika.