Usizime Gari Kabla ya Voi

Uncle Silvanus alinipa funguo ya Probox yake na sheria moja tu. "Vincent, usizime gari mpaka ufike Voi. Hiyo starter ikipata moto haiwaki, mpaka ipoe."

"Uncle, mimi ni mechanical engineer."

"Wa wapi?"

Nikaingia kwenye gari. Nina degree nzuri kabisa, na kazi yangu ni kuwa dereva wa bure wa ukoo mzima. Hii nchi, wacha tu.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mlima Kasigau. Kwenye kiti cha nyuma alilala Nyanya Teresia, anavuta pumzi kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Dispensary walikuwa wametuambia wazi: huyu anahitaji oxygen, mkimbizeni hospitali Voi, mkichelewa mtampoteza.

Tulikiacha kijiji chetu, Rukanga, na vumbi letu jekundu. Kabla ya mji wa Maungu, giza likiingia, nikaona ndovu. Kundi zima, barabarani.

Huku kwetu hata mtoto wa nursery anajua. Ukikutana na ndovu gizani unazima taa, unazima engine, unatulia. Mkono wangu ulizungusha funguo kabla kichwa hakijafikiri.

Kimya.

Wakapita. Mmoja... mwingine... mwingine. Hakuna tawi lililovunjika. Hakuna kishindo. Hakuna hata ile harufu yao ya mavi na majani. Kulikuwa na harufu ya udongo uliolowa, na mvua tuliiona mara ya mwisho mwaka jana.

Walipoisha, nikawasha.

Tak.

Tena. Tak.

Okay. Think. Taa za mbele zinawaka kama kawaida, so betri iko sawa. Gari ni automatic, so hata ningepata wa kusukuma, haisaidii. Nikafungua boneti. Terminal za betri zimekazwa. Waya wa earth nikautikisa, uko imara. Nikaigusa starter yenyewe, ikaniunguza vidole. Heat soak. Joto la engine limeingia ndani ya starter, imebana. Tulifundishwa hii kitu second year. Dawa yake ni kuipoza, na maji tuliyokuwa nayo ni chupa moja, ya Nyanya.

"Vincent," akanong'ona. "Nipe hayo maji nitase."

Kutasa, kwa asiyejua, ni mila yetu sisi Wadawida, wale mnaowaita Wataita. Unajaza maji mdomoni, unayatema huku ukiombea heri, na hasira iliyo moyoni inatoka nayo. Ikibaki, wazee wanasema, inaita vitu.

"Nyanya, hii ni physics."

"Si gari, mjukuu wangu. Ni wewe. Umejaa hasira tangu ile graduation yako." Akavuta pumzi, ikakwama, ikarudi. "Wameisikia."

"Wakina nani?"

Akageuza uso kuangalia kule ndovu walikopotelea.

Hasira? Of course nina hasira. Nani ana akili timamu na hana? Nikaimwaga chupa yote kwenye starter. Mvuke ukapanda usoni mwangu, na ulikuwa na ile ile harufu ya udongo. Nikarudi kwenye usukani.

Tak.

Sasa nikachukua spana ya magurudumu nikaigonga starter, vile mafundi wote hufanya ikigoma.

Ko. Ko. Ko.

Kutoka chini ya gari, ikajibiwa.

Ko... ko... ko.

Spana ilinitoka mkononi. Sikuisikia ikianguka.

"Nyanya..."

"Maji yapo?"

"Yameisha."

Akafumba macho. "Basi ingia ndani. Funga mlango. Usiangalie huko chini."

Niliingia. Nilitaka kukimbia, lakini ningekimbilia wapi, na yeye nimwache na nani? Pumzi yake ilikuwa inakatika. Nilihesabu kimya kati ya moja na nyingine, na kile kimya kilizidi kurefuka.

Halafu sauti ikaanza. Chini ya miguu yangu, tulivu, kama fundi aliyelala chali akiendelea na kazi yake. Iliongea Kidawida cha zamani, kile ambacho sisi tuliochapwa shuleni kwa kuongea mother tongue hatukujifunza. Iliongea kwa muda. Ilikuwa inauliza kitu. Hiyo tu niliielewa.

Nyanya akajibu neno moja.

"Umesema nini?" nikamuuliza.

"Washa gari."

Ikawaka. Mara moja, laini, kama gari la showroom.

Tulifika Voi. Wakamwekea oxygen, na kufikia asubuhi alikuwa anaulizia chai.

Gari nililipeleka kwa fundi Fuad. Akaifungua starter, akaigeuzageuza. "Kijana, ndani humu kumeungua kote. Hii haikubana kwa moto, hii imekufa kabisa. Uliwasha na nini?"

Nikamwambia sijui. Uncle Silvanus naye alirudi ile barabara mchana kuangalia nyayo za ndovu. Alikuta alama za matairi yangu, basi.

Nyanya ana nguvu sasa. Analima pojo, anaimba kwaya, pumzi yake haina shida yoyote. Nikimuuliza alikubali nini usiku ule, anasema nimekonda. Ananiongezea nyama kwenye sahani. Halafu anakaa kando, mikono mapajani, ananiangalia nikila, kwa upole kabisa... vile watu huangalia mbuzi wa Krismasi.