Uzi Uliokazwa Kabla ya Arobaini

Balaa lilianzia kwenye picha ya tatu. Katika ya kwanza na ya pili, zeze lilitoka vizuri juu ya gunia, mbele na nyuma, rula ya shule ya Marieta ikiwa pembeni. Katika ya tatu kibuyu kilikuwa kimetulia, rula imetulia, lakini uzi ulionekana kama nyuzi mbili, kama unatetemeka. Na hakuna aliyekuwa ameugusa.

"Mkono wako umetikisika, baba mdogo," Marieta alisema.

"Mkono wangu?" Didas alicheka. "Mimi nimepiga picha za harusi Haydom nzima. Sogea, unanizibia mwanga."

Marieta alisogea. Baba yake, Qamara, alikuwa na siku kumi na mbili tu kaburini, hapo hapo Tlawi, na zeze alimwachia yeye kwa kinywa chake. Sasa Didas, mdogo wa marehemu, anamtumia mtaalamu wa Dar es Salaam picha. Akithibitisha ni la kale, liuzwe. Ni Didas huyu huyu aliyemtoa Marieta shule ili amuuguze baba yake, eti msichana kidato cha pili kinamtosha.

Zeze la marehemu hulegezwa uzi mpaka arobaini ipite, na anayelegeza ni mtoto wake. Marieta alilegeza siku ya maziko. Lakini mtaalamu aliandika kwamba anataka kuliona kama linavyopigwa, basi Didas akakaza.

"Shemeji, legeza," mama yake Marieta alinong'ona mlangoni. "Kuna kitu kilikaa na mume wangu humo. Hakipendi kuamshwa."

"Shemeji, hayo ni maneno ya kilabuni."

Mtaalamu alikuwa ameomba na picha ya ndani. Didas akaweka simu kwenye tundu la kibuyu, akaitoa. Kioo cha kamera kilikuwa na ukungu, kama kimepumuliwa.

Akakifuta kwa shati, akaiweka tena, na ndipo harufu ya ngozi inayoungua ilipojaa chumba kizima mchana ule mweupe, kuku wakatawanyika uani, uzi ukaanza kulia bila upinde, kwanza chini kama nzi ndani ya chupa, kisha juu, juu zaidi, mpaka bati likaitikia, na mkono wa kushoto wa Didas ukapanda wenyewe kwenye shingo ya zeze, vidole vikaubonyeza uzi, naye akivitazama kama vidole vya mtu mwingine.

"Nani amenikaza?" kibuyu kiliuliza.

Didas alishika kijiti cha kukazia kwa mkono wa kulia. Hakikuzunguka.

"Marieta, mwanangu, legeza."

"Zeze ni la nani?" Marieta aliuliza.

"Vidole vinakatika, mwanangu." Damu ilikuwa inashuka kwenye uzi.

"Msaidie," mama alinong'ona.

"Bado hajajibu, mama."

"Ni lako," Didas alisema. "Baba yako alikupa wewe."

"Na shule?"

"Nilikudhulumu."

Marieta akazungusha kijiti kwa vidole viwili tu. Uzi ukanyamaza. Kibuyu kikashusha pumzi ndefu.

Didas alitoka bila kuaga, akashika njia ya barabarani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeinuliwa kifuani, na vidole vile vyenye damu vilibonyeza hewa, kimoja baada ya kingine, bila kupumzika.

"Mwite, Marieta," mama alisema. "Hakijamwacha."

"Nimeona," Marieta alisema, akafunga mlango.