Migongano Iliyohesabiwa Mara Mbili

Walikutana kwenye foleni ya kantini ya maabara ya kugonganisha chembe ndogo za atomu, nje kidogo ya Chicago, saa saba mchana watu wamejaa pomoni. Dakta Tadeusz Dudek, mwanafizikia, aligeuka ghafla akamwagia supu ya njegere msichana aliyevaa sweta ya njano.

"Pole! Pole sana, dada!"

"Usijali," msichana alicheka. "Kumbe mkichoka kugonganisha chembe mnagonganisha watu!"

Jina lake Ingrid Solheim, mwandishi wa programu za kuchambua migongano hiyo. Kabla theluji haijayeyuka, tayari walikuwa wanaitana mpenzi.

Mwezi wa Aprili, Tadeusz aliona kilima kidogo kwenye grafu yake. Huenda ni chembe mpya! Furaha ikampanda kichwani. Ingrid akampigia simu.

"Laazizi, ngoja kwanza. Nadhani ile programu uliyoiandika mwenyewe inahesabu baadhi ya migongano mara mbili."

"Unanionea wivu?"

"Nakuonea huruma."

Kesho yake Tadeusz alimwalika kwenye darasa alilokuwa akifundisha chuoni, aje ashuhudie akitangaza ugunduzi wake. Mwanafunzi mmoja akauliza kama hesabu zimehakikiwa. Tadeusz akacheka.

"Umeongea na Ingrid, eeh? Yule fundi wa kompyuta tu. Fizikia atuachie wenyewe."

Darasa likaangua kicheko. Ingrid, aliyekuwa ameketi kiti cha nyuma, alichukua koti lake la bluu akatoka kimya.

Siku tisa baadaye, Tadeusz aliipitia programu mstari kwa mstari, akalikuta kosa palepale alipoambiwa. Alipolirekebisha, kilima kikatoweka. Aibu ilimvaa mpaka masikio yakawaka moto. Alimpigia Ingrid simu mara nne. Haikupokelewa.

Akarudi mbele ya darasa lilelile.

"Chembe hakuna. Ingrid alikuwa sahihi, nami nilimdhalilisha mbele yenu."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Alasiri alimkuta Ingrid kwenye maegesho, funguo mkononi.

"Nasikia umetubu," alisema bila kumtazama.

"Nisamehe, mpenzi wangu."

"Nikuulize. Kile kilima kingekuwa cha kweli, ungeniomba radhi?"

 Tadeusz alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hapana," alijibu. "Nisingekuomba."

Hapo ndipo Ingrid alipomtazama usoni. Kisha akazunguka gari, akafungua mlango wa abiria.

"Ingia. Bado nina hasira na wewe, kwa hiyo usinisemeshe mpaka tufike nyumbani."