Koki Iliyoachwa Nusu

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alioga kwa koleo. Ndivyo dada yake, Nondo, alivyopenda kumtania, kwa kuwa mshikio wa bomba la mvua ulivunjika zamani, na maji hayakutoka mpaka ulibane shina lake kwa koleo na kulizungusha. Wiki iliyopita shina nalo likakatika. Siku hiyo hiyo bibi yao, akivuka ukingo mrefu wa beseni la kuogea, aliteleza akavunjika mkono.

"Beseni hili linatoka Jumamosi," mama alisema. "Na bomba lake."

Jumamosi akaja mjomba wao, fundi bomba. Nondo, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa mwanafunzi wake kwa mwaka mzima, na ovaroli yake ilikuwa imechakaa magotini kama ya fundi mkongwe. Beseni lilikuwa la chuma, zito, wala halikupita mlangoni. Dawa yake ilikuwa nyundo.

Nondo aliinua nyundo kubwa, akaishusha kwa nguvu zote. Nyumba nzima ikatetemeka. Akapiga tena. Ukingo ukapasuka, vipande vikaruka, kimoja kikamchana mkono. Hata hakuutazama.

"Liue! Limemvunja bibi, liue!" Chiriku alipiga kelele mlangoni. "Na mimi nipige, Mjomba!"

"Kazi kwanza, we mdomo," mjomba alisema. "Nenda nyuma ya jiko ukafunge koki kubwa ya maji ya nyumba nzima, mpaka mwisho. Kisha fungua bomba la jikoni. Maji yakikata, njoo uniambie. Hili la hapa limekufa, haliwezi kutuonyesha kitu."

Chiriku alitoka mbio. Koki ilikuwa na kutu. Ilizunguka mara tatu, ikagoma. Huko bafuni nyundo ilikuwa ikinguruma, na yeye hayupo! Bomba la jikoni hakuligusa.

"Nimefunga!" alisema akihema. "Jikoni nimekagua, hata tone."

Akapewa nyundo. Alipiga mapigo manne, meno nje, Nondo akitoka na kurudi kubeba vipande. Mjomba akabana spana kwenye bomba la ukutani, akaliegemea kwa uzito wake wote.

Bomba likafyatuka kama jiwe la manati. Lilimpiga juu ya jicho, akaanguka chali juu ya vyuma vilivyovunjika. Maji yakatoka ukutani kwa kishindo, yakamchapa Chiriku kifuani, yakamtupa mlangoni. Sakafu ikawa nyekundu.

Nondo alinyakua spana, akakimbia nyuma ya jiko, akaikaza koki mpaka maji yakakoma. Aliporudi, mjomba alikuwa amekaa, damu ikimchuruzika hadi kidevuni.

"Koki ilikuwa nusu wazi," Nondo alisema.

"Nani aliigusa?"

Chiriku alitazama ile damu. Ulimi ukamtangulia. "Nondo! Alikwenda kuifungua anywe maji nilipokuwa napiga."

Mjomba aliinuka, na kofi lake likamzungusha Nondo hadi ukutani. "Mwaka mzima nakufundisha kuua watu? Vua ovaroli! Kazini kwangu usikanyage tena!"

Nondo alimrukia mdogo wake. Waliviringika majini, kati ya vipande vikali vya chuma. Alimkaba shingo, Chiriku akamng'ata bega.

"Sema kweli, we nyoka! Sema!"

Mama aliingia mbio, akawashika kola na kuwatenganisha. "Mnataka kuuana ndani ya nyumba yangu?"

Nondo alisimama akitweta. Akaanza kufungua vifungo vya ovaroli. Cha kwanza. Cha pili. Machozi yakamdondokea vidoleni.

"Asivue!" Chiriku alilia. "Ni mimi! Koki iligoma nikaiacha. Jikoni sikukagua. Nilitaka nyundo."

Mjomba alimsogelea Nondo polepole. "Funga vifungo, Nondo. Nimekupiga bila kuuliza. Nisamehe, mwanangu."

"Siku nyingine uliza, Mjomba," Nondo alijibu, shavu limevimba. "Mkono wako mzito kuliko nyundo."

Zahanati walimshona mjomba nyuzi saba. Jumatatu alirudi, yeye na Nondo wakafunga bomba jipya na kusawazisha sakafu, ili bibi aingie bila kuinua mguu. Walipomaliza, alimwita Chiriku.

"Koki kugoma halikuwa kosa lako," alisema. "Ungeniambia imegoma, ningekuja na mafuta, basi. Lakini uliniambia umekagua, nami nikaweka uso wangu mbele ya neno lako. Ukaongeza uongo wa pili, nikampiga dada yako. Mkono ulikuwa wangu, na aibu hiyo ni yangu. Ila wewe ndiwe uliyenionyesha pa kupiga. Anayefanya kazi na wenzake anashika maisha yao mdomoni mwake, Chiriku. Kama hukukagua, sema hukukagua."