Matone kwenye Zulia la Shahbanu

Mzee Velji alikuwa amelala kifudifudi kwenye zulia la sebuleni, kiganja cha kulia kimeungua, mkono wa kushoto ungali umeshika taulo. Juu ya meza kando yake, ndani ya tangi kubwa la kioo, samaki wa mapambo walikuwa wakizunguka tu. Hawakuwa na habari.

Inspekta Imakulata alivua viatu mlangoni, kama ilivyo heshima ya nyumba ile ya mtaa wa Raskazone. Konstebo Luka alijiangalia miguuni akaona haya. Yeye alikuwa ameshaingia na buti zake na kutapakaza matope kila mahali.

"Umeme umekatwa?"

"Umekatwa, afande. Nilofer, binti wa marehemu, alizima swichi kuu alipomkuta. Na mhalifu tunaye. Yuko barazani, nimemtia pingu."

"Umempata mhalifu kabla mimi sijajua kama kuna uhalifu. Hongera."

Huyo mhalifu alikuwa Kombo, wa mtaa wa Mabawa, fundi aliyelitengeneza tangi lile na kulihudumia. Mdomo wake ulikuwa umevimba. Mbele yake alisimama Rizwan, mtoto wa kiume wa marehemu, mwenye duka la vitambaa mtaa wa Usagara, akihema kwa hasira.

"Yeye ndiye aliyeunga nyaya zote!" Rizwan alifoka. "Na nimemkuta getini alfajiri. Alifuata nini, kama si kuja kuficha ubovu wake?"

"Shikamoo, mama," Kombo alisema.

"Marahaba. Ulifuata nini?"

"Mzee aliniita kwa simu, akanambia..."

"Mwongo!" Rizwan alimrukia, Luka akaingia kati. Imakulata akaona heri aanze na vitu visivyojua kupiga kelele. Akarudi ndani.

Alitembea polepole juu ya zulia. Lilikuwa zulia la sufu, jekundu, la zamani, la kumfanya mtu aone vibaya kulikanyaga. Nailoni iliyotandikwa chini ya meza ya tangi ilikuwa kavu. Pembeni palikuwa na doa la maji la siku nyingi, nalo limekauka. Kisha soksi yake ikalowa chepechepe. Maji mapya yalikuwa mbele ya ekstensheni ya umeme, mahali pengine kabisa.

Alichuchumaa akaufuata waya wa pampu kwa macho. Ulitoka juu ya tangi ukashuka moja kwa moja hadi kwenye ekstensheni, umekazwa barabara. Ulikuwa umefungwa kwenye mguu wa meza kwa utepe wa dhahabu, kwa fundo zuri kama la nywele za mtoto wa kike.

Akaagiza Kombo aletwe.

"Wewe ulikuwa unauacha waya huu uning'inie chini, sivyo? Maji yakiufuata, yadondoke kabla ya kufika kwenye umeme."

"Ndiyo, mama." Kombo aliuona utepe, akatikisa kichwa. "Wallahi, hili fundo si langu."

"Najua. Na yakidondoka, yalikuwa yakidondokea wapi?"

Kombo alilitazama lile doa kavu. "Kwenye zulia."

Imakulata hakuhitaji zaidi. Waya ulipokazwa, maji yaliufuata moja kwa moja hadi ndani ya ekstensheni. Mzee ameamka, amekuta zulia limelowa, amepiga magoti alipanguze, mkono ukagusa ekstensheni iliyojaa maji. Daktari wa polisi angethibitisha. Lililobaki lilimtia uchungu, kwa maana alipopita ukumbini alishaiona cherehani chumbani kwa Nilofer, na bunda la tepe za dhahabu juu yake.

Nilofer aliletwa sebuleni, mtandio umemfunika hadi kwenye nyusi.

"Utepe huu ni wako?"

Nilofer aliuvuta mtandio chini zaidi.

"Afande, dada yangu ana msiba!" Rizwan alisema.

"Na Kombo ana pingu. Nilofer, hulazimishwi kusema lolote, na utakalosema litaandikwa. Ni wako?"

"Wangu. Ni mimi niliyeukaza waya."

Rizwan alimgeukia dada yake.

"Kwa nini?" Imakulata aliuliza.

"Zulia hili ni la mama. Shahbanu, mama yetu. Alikuja nalo alipoolewa. Alipofariki baba akanunua samaki, akasema nyumba imekuwa kimya mno. Tangi akaliweka papa hapa, na kila siku matone, matone. Niliweka bakuli, akalipiga teke. Nikamwomba alihamishe, akakataa. Jana nikamwambia, 'Mama umeshamsahau, sasa una samaki.' Hakunijibu. Nilitaka tone lisianguke tena. Sikujua, afande. Wallahi sikujua."

"Na Kombo alipokamatwa?"

"Nilisikia anapigwa. Nikaujua ukweli, nikanyamaza." Alijifunika uso. "Nisamehe, Kombo."

Luka alifungua pingu bila kuambiwa. Kombo alijisugua mikono. Mwingine angetukana, na nani angemlaumu?

"Pole, dada," alisema. "Mola amrehemu."

Rizwan hakuweza kumtazama usoni. "Baba alikuitia nini?" aliuliza taratibu.

Kombo alimgeukia Imakulata, akionyesha wazi kwamba asingependa kujibu.

"Sema," Imakulata alimwambia. Neno hilo alilijutia muda mrefu.

"Tangi alitaka litoke humu, niliweke barazani leo hii. Alisema bintiye ana haki, zulia la mama yake linaharibika. Akanambia nije mapema, bintiye akiamka alikute limeshaondoka."

Wazee wengine ndivyo walivyo. Radhi hawaombi kwa mdomo, wanamwita fundi.

"Alikupigia lini?" Nilofer aliuliza.

"Jana, baada ya isha."

"Mimi niliukaza alipokwisha kulala," Nilofer alisema, akakaa chini pale pale kwenye maji.

Imakulata alikaa karibu naye. Akamwambia Luka asubiri nje, maelezo yataandikwa baada ya maziko.