Upande wa Pili wa Jiwe

Langoni mwa makaburi ya kale, watalii na wauza maua walisongamana. Msafiri mmoja, mwanamke wa gauni la njano na raba nyeupe, alirudi kinyumenyume apige picha, akamkanyaga mchonga mawe aliyekuwa akipita na ndoo yake.

"Dada, humu waliolala wanatosha. Usiniongeze na mimi," alisema fundi, nyusi zimejaa vumbi jeupe.

Msafiri alicheka. Alikuwa apumzike mjini kidogo tu, akajikuta amekaa hadi mvua zikaanza. Kila alasiri alimtazama fundi akizifufua herufi zilizofutika kwenye makaburi ya watu wasiojulikana tena. Jioni walipigiana simu. Akamwita Vumbi Langu, naye akaitwa Mgeni Haondoki. Fundi hakumficha kwamba alifiwa na mke. Ila kila walipotembea, alimzungusha kwa njia ya ukutani.

Siku moja msafiri alipita njia ya kati peke yake. Akaliona jiwe pana: upande mmoja jina la mke, upande wa pili jina la fundi mwenyewe, mwaka wa kuzaliwa, kistari, kisha nafasi tupu.

Alikataa kupokea simu za fundi hadi kesho yake.

"Jiwe la wawili huchongwa kwa mara moja, mpenzi, ili herufi zifanane," fundi alieleza. "Nilimwahidi."

"Sikulaumu. Ila mimi nitalala wapi?"



Asubuhi msafiri alimkuta amepiga magoti pale kaburini, patasi mkononi. Herufi ya kwanza ya jina lake ilikuwa imeshavunjika.

"Naufuta upande wangu. Ukae."

Hilo ndilo msafiri alilolitamani usiku kucha. Alipoliona kwa macho, tamaa hiyo ikamtoka.

"Weka chini, Vumbi Langu. Kama mkeo uliyemwahidi unamfuta kwa nyundo, mimi utanifuta kwa kitambaa tu."

"Basi nifanyeje?"

"Ziba ulipovunja. Nitakungoja umalize, kisha unisindikize stesheni."

Alimshikia ndoo. Wote wawili walilia, na kazi ikaendelea.

Lipu ya kuzibia ilikauka nyeupe kuliko jiwe. Hadi leo, mvua ikinyesha, msafiri hupiga simu kuuliza kama lipu imeshika. Fundi hujibu kwamba imeshika. Halafu hakuna anayekata simu.